Sarafu ya Kirumi Aliyovuliwa Mama

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja mama yangu alipofedheheshwa mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na tangu siku ile mpaka nilipotimiza hamsini sikumtakia heri hata mara moja mtu aliyemfedhehesha. Nalisema hili mapema ili asomaye asinitafutie udhuru. Wako watu wa ukoo wetu wanaosema nilighafilika, nilipandwa na hasira. Sikughafilika. Nilijua ninachokifanya, na nilikifanya taratibu.

Tulikuwa tukikaa Ibra. Mama alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman na mama yake baada ya kuzungukazunguka miaka mingi Mombasa na Dubai, akaolewa na baba yangu ambaye ukoo wake haukuwahi kutoka Sharqiyah, jimbo lile lile la Ibra. Kiarabu alikisema, lakini alikisema kwa mdomo wa Unguja, na watoto wa jirani walikuwa wakimwigiza. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili chetu, na tukiamka tulimpa shikamoo yake kabla ya kunawa uso.

Shingoni alivaa kidani kimoja tu maisha yake yote. Uzi mweusi, shanga mbili za fedha, na katikati sarafu ya dhahabu, nyembamba, pana kama ukucha wa gumba. Bibi alimvisha siku ya harusi yake, na bibi naye alivishwa na mama yake, na mbele ya hapo hakuna aliyejua. Upande mmoja palikuwa na nyuso mbili, mzee mwenye ndevu nyingi na kijana asiye na ndevu, wote wamevaa taji. Upande wa pili palikuwa na vidato vitatu, na juu ya vidato kitu kimesimama, kimechakaa kwa kusuguliwa na nguo na ngozi. Sisi watoto tulikiita ufunguo. Mama akitwambia ni ufunguo wa nyumba yao ya Unguja, nasi tukiamini. Kwenye shingo ya yule kijana asiye na ndevu palikuwa na mkwaruzo mrefu uliopinda chini, na kwa mkwaruzo ule mama alinifundisha herufi ya lamu kabla sijapelekwa chuoni.

Siku yenyewe ilikuwa posa ya binti wa jirani. Wanawake walijaa nyumbani kwetu kwa sababu majlisi yetu, ukumbi wa wageni, ilikuwa kubwa kuliko yao, na dhahabu ya bibi harusi ilikuwa imeletwa katika sinia ili ionekane. Aliitwa sonara kutoka Nizwa aje aithibitishe. Sonara huyo alikuwa binamu wa baba, kwa hivyo sisi tulimwita ami, na hakuona haya kukaa mlangoni mwa wanawake na mizani yake mapajani. Alikuwa na umri kama wa miaka thelathini na tano, anajua Kurani kwa moyo, na watu wa Nizwa wakimpelekea ugomvi wao awapatanishe.

Alipomaliza dhahabu ya bibi harusi macho yake yakaangukia kifuani kwa mama.

"Hebu hiyo, mke wa binamu yangu," alisema. "Niitazame."

Mama alikivua kidani mwenyewe. Sura yake siku ile naiona hata leo: alitabasamu, kwa sababu alidhani atasifiwa. Mgeni kutoka pwani, kwa mara ya kwanza ana kitu ambacho fundi wa Nizwa anataka kukitazama.

Ami aliigeuza sarafu mara mbili. Akaiweka karibu na jicho. Kisha akauliza, "Umeivaa tangu lini?"

"Tangu kuolewa. Miaka kumi na mbili."

"Na unasali nayo?"

"Nasali nayo."

Akainyanyua kwa vidole viwili, uzi unaning'inia, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Akaielekeza kwa wanawake.

"Tazameni," alisema. "Hawa ni wafalme wa Rumi, na juu ya taji zao msalaba. Na hapa nyuma, msalaba umesimama juu ya ngazi. Mke wa binamu yangu anamsujudia Mola na msalaba kifuani."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi cha puani, na wengine wakafuata.

"Hawa wa pwani tumewapokea," ami aliendelea, na sasa alikuwa akizungumza kama aliyepanda mimbari, "lakini dini yao inataka kufuliwa upya. Sala zako zote tangu uolewe hazikusihi, ni batili. Zikidhi, uzilipe moja moja. Na hii naichukua, nitaiyeyusha kwa mkono wangu, na dhahabu yake nitaitoa sadaka kwa jina lako. Huenda Mungu akakusamehe."

Hilo halikuniuma kama lililofuata. Mama, uso wake umekauka, aliinamisha kichwa akasema, "Allah akulipe heri, ami yao."

Alimshukuru. Alimshukuru mtu yule.

Tangu siku ile kila sala ya faradhi mama aliiongezea nyingine. Akimaliza adhuhuri ya leo anasimama tena kuswali adhuhuri ya mwaka ule na ule. Miaka kumi na mbili ikalipwa kwa miaka kumi na mbili, nikadhani amemaliza. Hakumaliza. Akasema hana hakika na hesabu, huenda alipokuwa mwari aliwahi kuivaa kwa kuazima, huenda siku za homa aliruka. Akaanza tena. Nilipomwambia amwulize sheikh, alinijibu, "Nimwambie nini? Nimweleze sheikh kwamba nilivaa msalaba?" Aliona haya kulitamka neno lenyewe.

Na soko aliacha. Kila Jumatano wanawake wa Ibra wana soko lao, na mama alikuwa na mahali pake, akiuza nguo na udi na kofia alizoshona mwenyewe. Wiki ya kwanza baada ya posa ile alikwenda, akarudi kabla ya saa nne. Walikuwa wamempa jina: yule wa msalaba. Hakurudi tena. Baba nilimwendea nikilia, akanambia, "Ami yenu ana ilimu kuliko sisi." Basi. Baba alikufa bila kuongeza neno.

Mimi nilisoma, nikajifunza Kiingereza, nikawa mwongozaji wa wageni. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwachukua wageni kwa gari na kuwatembeza, Sur kwa siku mbili, jangwani, kisha Nizwa kwenye ngome na soko. Nizwa nilikwenda mara nyingi lakini uchochoro wa masonara nilikuwa nikiuepuka. Niliwaacha wageni wenyewe mlangoni nikawasubiri kwenye duka la halwa.

Mwaka juzi nilimpata mgeni mmoja, bibi mzee, mwalimu mstaafu, aliyesomea fedha za kale. Tulitoka Ibra asubuhi, tukapita Samad Ash Shan, na njia nzima alikuwa akinisimulia. Alisema Waislamu walipoifungua Sham hawakuwa na sarafu zao, wakatumia za Kirumi vilevile zilivyo, na misalaba yake, miaka na miaka. Kisha khalifa wa Damascus akachapa za kwake kwa kufuatisha zile zile: vidato vile vile, lakini ule msalaba ukakatwa mikono yake, ukabaki mti mtupu, na pembeni yake ikaandikwa shahada. Mfalme wa Rumi kwa upande wake akaweka sura ya Nabii Isa kwenye dhahabu yake, jambo ambalo hakuna mfalme aliyelifanya kabla yake. Mwishowe khalifa akaacha picha zote, akabakisha maandishi matupu.

"Kwa hivyo kabla ya hapo," nilimwuliza, "Waislamu walikuwa na misalaba mifukoni?"

"Mifukoni, mikobani, majumbani," alisema. "Wangelipaje kodi?"

Nilishika usukani kwa nguvu.

Nizwa aliniomba niingie naye madukani nimfasirie, maana Kiarabu hakujua. Sikuwa na namna ya kukataa. Duka la tatu tuliloingia lilikuwa la mzee mwenye ndevu nyeupe, kanzu safi, kilemba kimekaa sawa. Uso sikuutambua. Sauti niliitambua aliposema "Tafadhalini". Yeye hakunijua, mara ya mwisho kuniona nilikuwa mtoto mwenye mapengo.

Katika kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kijani, palikuwa na sarafu moja ya dhahabu yenye tundu. Mgeni wangu aliinama akashusha pumzi. Mimi niliinama pembeni yake. Mzee mwenye ndevu, kijana asiye na ndevu. Na kwenye shingo ya kijana, lamu.

Sikuanguka wala sikupiga kelele.

"Mwulize aitolee maelezo," mgeni aliniambia. "Na mwulize kama naweza kumrikodi. Nataka kuwaonyesha wenzangu."

Nilimwuliza. Mzee akafurahi, akaweka kilemba vizuri, akakaa mkao wa kupigwa picha. Nikawa nafasiri neno kwa neno, mdomo wangu mwenyewe ukiyabeba maneno yake.

"Mwambie hii ni dinari ya Rumi," alisema. "Mwambie watu wajinga wakiona msalaba huu huogopa. Mwambie masahaba walizitia mikobani, wakasimama wakasali nazo, na hakuna aliyesema sala zao zimebatilika. Picha ya kwenye fedha haina hukumu ya sanamu. Hili wanavyuoni wanalijua."

Nilifasiri. Kisha nikamwuliza la kwangu, kwa sauti ile ile ya kazi. "Mgeni anauliza ulilijua hili tangu lini."

"Tangu ujana wangu. Nilisoma."

"Na uliipata wapi?"

Akacheka. "Kwa watu wa Zanzibar. Walikuwa nayo na hawakujua walichonacho. Siiuzi hii. Nitazikwa nayo."

Njiani kurudi nilisimamisha gari Izki nikamwambia mgeni naumwa na kichwa. Nilikwenda nyuma ya duka la maji nikanawa uso. Jioni ile mgeni alinitumia ile picha ya video, na mimi niliitazama mara nyingi, chumbani, wakati mama ukumbini amekaa kwenye kiti, maana magoti yalishamwisha, anakidhi magharibi ya mwaka ambao hata yeye hakuujua tena.

Wiki iliyofuata nilikwenda Nizwa peke yangu. Nilimpa salamu, nikamwamkia kama anavyoamkiwa mkubwa, nikamtajia mimi ni binti wa nani. Rangi ilimtoka. Nikamwonyesha simu, nikamwacha ajitazame anavyosema mpaka mwisho.

"Unataka hii?" alisema, akinyoosha mkono kwenye kabati. "Chukua. Chukua, mwanangu."

"Sikuja kuchukua dhahabu. Jumatano utakuja Ibra. Utakaa pale pale mlangoni ulipokaa. Wale wanawake walio hai nitawakusanya. Utasema mbele yao ulichomwambia mgeni wangu, na utasema ulikijua siku ile."

"Mimi ni mzee. Nina heshima yangu kwa watu."

"Mama naye alikuwa nayo."

"Na nisipokuja?"

"Kundi la ukoo kwenye simu lina watu wangapi, ami? Wewe ndiye unayewatumia dua kila Ijumaa."

Akashika ndevu zake. Baadaye akasema, "Nikija, hutaituma?"

"Ukija sitaituma," nilisema.

Jumatano walikuja wanawake saba. Wengine walikuwa wamekufa, mmoja akili imempotea, hajui tena aliko. Yule aliyecheka puani alikuja, mzito, anashikwa mkono. Mama sikumweleza kitu ila kwamba tuna wageni. Nilimvisha abaya yake mpya, nikamkalisha mbele kabisa.

Mzee aliingia na mwanawe mkubwa, akakaa mlangoni. Mbele yake palikuwa na dele la kahawa, tende na halwa. Nilichukua dele kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa mkono wa kulia, nikaanza kumimina. Nikampa mama. Nikawapa wanawake wote saba. Nikampa hata mwanawe, ambaye hakuwa na kosa. Nilipofika kwake nikampita, nikarudi kukaa, nikaliweka dele chini. Asiyekaa Oman labda hataelewa. Nyumba yetu haikuwahi kumnyima mtu kahawa, hata mgomvi. Mwanawe alikiweka kikombe chake chini bila kunywa. Wanawake waliona. Mama aliona, akanitazama.

"Sema, ami," nilimwambia.

Alianza kwa mbali. Akasoma hamdu, akasema binadamu hukosea, akasema elimu ni bahari, siku zile vitabu vilikuwa vichache.

"Hapana," nilimkata. "Vitabu ulikuwa navyo. Umesema mwenyewe tangu ujana wako. Sema kama ulivyosema."

Akaitoa ile sarafu ndani ya kisanduku, akaiweka kwenye mkeka. Na hapo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba sala za mama zilikuwa sahihi tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Kwamba siku ile alilijua hilo. Kwamba aliitamani sarafu tangu alipoishika mkononi, akajua mke wa binamu yake hatampa, na akaona njia nyepesi ni kumtia aibu.

"Sema: niliongopa," nilimwambia.

"Niliongopa," alisema. "Kwa jina la dini."

Yule aliyecheka zamani akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa namtazama mama. Alichukua muda mrefu kuyaelewa, kisha akamwuliza sonara, kwa Kiarabu chake cha Unguja, "Zote? Hata za alfajiri?"

"Zote, mke wa binamu yangu."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria miaka yote ile. "Basi hizi nilizokidhi, zimekwenda wapi?"

Mzee aliiacha sarafu pale pale mkekani. Akainuka, mwanawe akamshika, wakatoka. Magurudumu yao yalipokwisha kusikika kwenye kokoto, nilitoa simu mfukoni nikaituma ile picha kwenye kundi la ukoo. Sikungoja hata vikombe vioshwe.

Nilimwahidi sitaituma, na nikaituma. Sitaki kulipamba. Nilipomwahidi nilijua nitaituma. Yeye alimwahidi mama kwamba ataiyeyusha na kuitoa sadaka, nami nikampa ahadi ya aina ile ile.

Mama alijua usiku wa kuamkia Ijumaa, shangazi zangu walipoanza kupiga simu. Aliniita nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Ulimpa ahadi?"

"Nilimpa."

"Na umeivunja."

"Nimeivunja, mama."

"Unajuta?"

Ningeweza kumridhisha. Mzee wa miaka themanini na mbili, nimempigia magoti. Nikamwambia, "Sijuti."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekuja kukodi chumba. Hakusema nami siku nne. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimfunga kilemba, na yeye mdomo ameufunga. Siku ya tano aliniomba chumvi. Ile sarafu aliifunga katika leso akampa msichana wa Tanga anayetusaidia kazi za nyumbani, akamwambia akienda kwao likizo aende nayo, na binti yake akija kuolewa amvishe. Mimi hakuniuliza. Nadhani hilo ndilo lililokuwa fungu langu.

Kukidhi aliacha. Swali lake bado analo. Sheikh tuliyemwita alimwambia sala ile ya ziada haipotei, anaandikiwa kama sunna, na mama alimsikiliza kwa adabu, akanambia sheikh alipoondoka, "Huyu naye kijana." Sokoni sikuweza kumrudisha. Nilimchukua Jumatano moja kwa kiti cha magurudumu. Aliwakuta wajukuu wa wenzake wakiuza vipodozi, hakuna anayemjua, hakuna hata anayejua kwamba alikuwa na jina la kejeli. Baada ya robo saa akasema jua kali, turudi.

Sonara hakuitwa tena kupatanisha watu. Wanawe walifunga duka wakafungua jingine la simu, kwa jina jingine. Harusi mbili za ukoo zimepita, mahali pake mbele amekaa mwingine. Nusu ya ndugu wa baba hawanisalimii. Mmoja aliniandikia kwamba mzee huyo ana sukari na nitaibeba damu yake. Sikumjibu.

Mwezi uliopita nilisimama Izki kununua mikate, na kwenye foleni mbele yangu alikuwa mke wa sonara. Nilimjua, naye alinijua. Amepungua, abaya imemlegea mabegani.

"Umefurahi sasa?" aliniuliza, bila salamu.

"Nimefurahi," nilimwambia.

"Hatoki tena nyumbani. Hata msikitini anakwenda watu wakishaondoka."

"Mama yangu hakutoka miaka thelathini na tisa."

"Mimi nilikukosea nini?" aliuliza. "Mimi na wajukuu zangu, tulikukosea nini?"

Hilo lilinigonga. Nililihisi likiingia, na nililiacha likae bila kulitolea hoja, maana hoja sikuwa nayo. Wao hawakunikosea. Nilijua wataumia, na nikapiga.

"Hamkunikosea," nilimwambia.

Akangoja niongeze. Mwuza mikate alimpa mfuko wake, nami nikapewa wangu. Nikamshikia mlango apite mbele, kwa sababu ni mkubwa wangu, nikatoka nyuma yake.